Jibu: Maji ya sikioni na kizunguzungu cha mama

Waalaykumu salaam, ndugu yetu wa Wete. Umeuliza kwa nini mama, mwenye kizunguzungu, atiwe maji masikioni. Hicho ni kipimo cha kuona kama sikio la ndani, linalotunza usawa wa mwili, linafanya kazi sawasawa pande zote mbili. Mgonjwa hulazwa chali, kichwa kikiinuliwa kidogo, kisha kila sikio hutiwa kwa zamu maji ya nyuzi 30 na ya nyuzi 44 za Selsiasi, ili tofauti na joto la mwili iusogeze umajimaji wa mfereji mlalo wa sikio la ndani (mrija mwembamba unaohisi kichwa kinapogeuka), na macho yaanze kuchezacheza yenyewe. Daktari hupima kasi ya macho na kulinganisha pande mbili. Sikio linaloitikia kwa unyonge ndilo hutiliwa shaka kuwa lina hitilafu. Kizunguzungu kitakachomshika hapo kisimtishe, hupita upesi. Ikiwa ngoma ya sikio imetoboka, tafadhali mwambieni daktari mapema, kwani maji hayatafaa.