Kifaransa chuo ni kupoteza ada?

Swali: Dada shikamoo, nimechaguliwa chuo kusoma Kifaransa ila mzee anasema napoteza ada bure, bora niende uhasibu. Nifanyeje? Msomaji, Mbagala

Jibu: Marahaba mdogo wangu, usikiache! Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022 na mizigo yao kibao inapita hapahapa bandari ya Dar, sasa wale wa Lubumbashi Kiswahili wanaongea vizuri tu lakini ukija kwenye mikataba na makaratasi ya serikali yao ni Kifaransa, hapo ndo wakala wa forodha anamhitaji mtu kama wewe. Ila lugha peke yake mi naona haitoshi, chukua na kozi za biashara kama chuo kinaruhusu. Mzee usibishane naye, muelezee hilo la bandari taratibu.