Shata Kimya, Taa Kelele: Maswali na Majibu ya Picha za Seti

Safari hii ni zamu ya wapiga picha mnato wa filamu, wale wanaojibana ubavuni mwa kamera kuu kutafuta picha za mabango na matangazo. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, na yanayofanana ni mengi.

Kamera gani isiyo na kioo ndani (mirrorless) ni kimya kuliko zote?

Zimefungana. Shata, yaani sehemu inayoamua picha ipokee mwanga kwa muda gani, ikiwa ya kielektroniki haina kinachosogea, kwa hiyo haina mlio, iwe kamera ni ya mwaka 2015 au imetoka juzi. Swali hili haliishi kuletwa, na kila anayelileta amekwisha kusoma sifa zote za kamera isipokuwa moja inayomhusu: sensa yake, kile kibamba kinachonasa mwanga, inachukua muda gani kusomwa? Hicho ndicho unacholipia. Kimya umepewa bure.

Nimenunua kamera ya megapikseli nyingi. Nikiiweka kimya kwenye seti, picha zinatoka na mistari ya giza iliyolala. Ni mbovu?

Ni nzima, ila kazi hii haiiwezi vizuri. Kwenye shata ya kielektroniki sensa husomwa safu kwa safu, kutoka juu kwenda chini. Zenye pikseli nyingi ambazo hazikuundwa kwa kasi huweza kuchukua 1/15 ya sekunde au zaidi kumaliza fremu moja. Wakati huohuo, taa nyingi zinazotumia umeme wa hezi 50 huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Kwenye hezi 60 ni mara 120. Piga hesabu: kabla sensa haijamaliza kusomwa, taa imekwisha kufifia mara sita au saba. Ndiyo mistari yako hiyo.

Dawa ya kwanza haina gharama. Weka shata 1/50 au 1/100 ya sekunde kwenye umeme wa hezi 50, na 1/60 au 1/120 kwenye hezi 60, ili kila safu ipate mzunguko mzima wa mwanga. Kwa taa za LED zinazopepesa kwa kasi kubwa zaidi, utahitaji kamera inayokuruhusu kurekebisha shata kwa vipimo vidogovidogo, kama Sony A1 au Nikon Z9, huku ukitazama mistari inavyofifia kwenye skrini. Fanya hivyo taa zinapopangwa, mwigizaji hajaingia. Na usishangae mwigizaji akigeuza shingo ghafla na kichwa kikatoka kimepinda. Chanzo ni hichohicho.

Kuhusu megapikseli: 24 zinatosha. Wauzaji hawatakuambia hivyo.

Basi ninunue ipi?

Mfuko ukiruhusu, Sony A9 III, iliyotangazwa mwaka 2023. Ndiyo kamera isiyo na kioo ya kwanza ya fulu fremu (sensa yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35) kusoma sensa nzima kwa mpigo mmoja, hivyo mistari na kupinda vimekwisha. ISO yake (kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga) ya chini ni 250, jambo ambalo ndani ya seti yenye giza halimkeri mtu. Ila kaa macho: ukipiga kwa shata fupi chini ya taa inayopepesa, fremu moja itatoka ng'avu na inayofuata hafifu. Taa haijaacha kupepesa kwa sababu umebadilisha kamera.

Mfuko ukikataa, tafuta iliyotumika ya A9 ya kwanza, ya mwaka 2017. Megapikseli 24, sensa inasomwa kwa takriban 1/160 ya sekunde. Mimi ningeichukua hiyo kabla ya kamera nyingi mpya za bei hiyohiyo. Wenye lenzi za Nikon watazame Z8, ambayo kama Z9 haina kabisa shata ya mapazia yanayofunguka na kufunga mbele ya sensa. Wa Canon, R3. Wa Fujifilm, X-H2S.

DSLR yangu, kamera ya kioo ndani, ina hali ya “kimya”. Haitoshi?

Hapana. Hiyo ni kelele iliyopunguzwa. Zamani kamera hizo zilifungiwa ndani ya kasha gumu lenye sponji, kama lile la Jacobson lililozoeleka Hollywood. Kasha linafanya kazi hadi leo, kama mabega yako yako tayari.

Nimezima milio yote lakini fundi sauti bado ananifukuza.

Umezima yote, au umedhani umezima? Angalia kwanza kama umechagua shata ya kielektroniki kamili au ile ya pazia la kwanza tu. Hiyo ya pili humalizia kwa pazia halisi, na pazia linalia. Kisha sikiliza lenzi: mota za fokasi za lenzi za zamani hukwaruza, na maiki iliyo mita moja juu ya mwigizaji inazisikia vizuri. Halafu vua vyuma vya mkanda vinavyogongana. Begi la velkro liache nje, na viatu vyenye soli ngumu vikae hukohuko.

Nina shaka hata hivyo kwamba si sauti peke yake. Taa ndogo ya kusaidia fokasi umeizima? Skrini ya nyuma inakumulika usoni kila baada ya picha? Umesimama pale mwigizaji anapotupa macho? Mtu analia kwa kumtazama mpenzi wake, nyuma ya mpenzi kuna wewe unahangaika na kamera. Waigizaji wengi watakuvumilia mara moja. Kabla ya teki, yaani kabla kamera kuu haijaanza kurekodi, mwone msaidizi wa kwanza wa mwongozaji, mwone na mshika maiki, uwaambie utasimama wapi. Ukishasimama, usihame mpaka wakate.

Ukuta wa LED, ile skrini kubwa ya mandhari nyuma ya mwigizaji, unaniharibia kila picha.

Muulize mkuu wa picha shata anayotumia, uifuate. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde kwa kawaida hupigwa kwa 1/48, ya fremu 25 kwa 1/50, na ukuta umepangwa uonekane vizuri kwenye kamera yake, si yako. Fokasi ibaki kwa mwigizaji na tundu la lenzi liwe wazi. Ukuta ukiingia kwenye fokasi utaleta mawimbi ya rangi ambayo kompyuta haitayaondoa yote.

Nipige mfululizo wa picha 20 kwa sekunde nisikose kitu?

Dakika moja ni picha 1,200. Nani atazichambua?

Flashi?

Wakati wa teki? Hapana.

Naweza kuposti chache kabla filamu haijatoka?

Soma mkataba wako. Kwa kawaida picha ni mali ya wenye filamu, na hata ile ya simu uliyopiga wakati wa chakula, mavazi ya mwigizaji yakionekana, inahesabika. Wapo waliopoteza kazi kwa picha ya viatu.