Mwakilishi wadi hana ukomo wa vipindi

Ndugu yangu, umeuliza kama sheria yaweza kumzuia mwakilishi wadi, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, hapa Lamu kugombea kipindi cha nne. Haiwezi. Katiba ya Kenya ya 2010 imewawekea ukomo wa vipindi viwili Rais, gavana na manaibu wao. Wabunge na wawakilishi wadi hawamo.

Huwezi kumzuia kugombea, ila unachoweza kufuatilia ni tenda za kaunti, maana huko ndiko waliofadhili kampeni wanakorudishiwa fedha zao. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba nakala ya mkataba, na barua yako waweza kuiandika kwa Kiswahili; ofisi unayoiomba ina siku 21 za kujibu. Kuomba ni bure, labda ulipie kunakili tu. Wengi hukwama kwa kuandika "tenda zote", wakajibiwa maneno matupu. Taja kitu kimoja: gati gani, mwaka gani wa fedha, nani alishinda, kwa bei gani. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wenye tarehe. Bila muhuri huo watakwambia barua haikufika, na siku 21 hazina pa kuanzia. Wakinyamaza, una siku 30 za kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani ofisi ya Ombudsman. Ambatisha nakala ile yenye muhuri.