Kilwa Kisiwani na kundi la watu 12: siku moja inatosha?

Ndugu, umeuliza kama kundi la watu 12 kutoka Lindi litamaliza magofu ya mji wa kale wa Kilwa Kisiwani siku moja na bado lipate burudani usiku. Litamaliza, mradi mlale Kilwa Masoko, mji wa bara unaokabili kisiwa. Mkifika kupitia njia panda ya Nangurukuru, chukueni kibali cha magofu jioni hiyohiyo. Mkiacha hadi asubuhi, kundi zima linasubiri ofisi ifunguliwe na maji hayawasubiri.

Maji ndiyo ya kuangalia kwanza. Siku za bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Vukeni mapema, anzeni na Gereza, yaani ngome ya kale, na Msikiti Mkuu, kisha maji yakiwa yamekupwa mpite ufukweni kwenda Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani. Yakijaa mtazunguka kwa njia ya juu, ambayo jua lake ni kali. Msipange kurudi alasiri wakati wa upepo wa kusi: mashua inarushwa sana. Viatu viwe vya kulowa, na akina mama wabebe khanga, kisiwani watu wanaishi na kuswali.

Usiku, disko msitarajie. Pweza wa kuchoma, baa chache, muziki kidogo. Kisiwani kwenyewe msipeleke pombe kabisa.