Sindano anazokuja nazo mgonjwa: achana na hiyo fomu

Mkuu, umeuliza zahanati yenu itoze shilingi ngapi kuchoma sindano ambazo mgonjwa kanunua dukani, na kama inatosha asaini kwamba "dawa ni yangu, kituo hakihusiki". Usithubutu. Fomu kama hiyo tuliletewa na mshauri wa makaratasi ambaye hajawahi kushika bomba, tukamwamini, na hasira zake hazijanitoka. Saini haibadilishi kilichomo kwenye ampuli.

Na hiyo ampuli, kijichupa cha kioo chenye maji ya kuyeyushia dawa, ndiyo inayoponza. Chukua seftriaksoni ya gramu 1, antibiotiki ya unga inayokaa kwenye kichupa, ndiyo mtakayoletewa sana. Boksi la sindano ya mshipa huja na maji ya sindano. La sindano ya nyama mara nyingi huja na lidokeini, dawa ya ganzi. Zote mbili zinang'aa kama maji, maandishi ni madogo kama sisimizi. Tena duka likishauza kichupa kimoja kwenye mfuko wa nailoni "na maji yake", hujui ampuli imetoka boksi gani. Mgonjwa ana kanula, kile kijimpira kilichokwishawekwa mshipani, foleni imefika mlangoni, nesi anavunja, anayeyusha, anasukuma. Mililita 3.5 za lidokeini ya asilimia 1 zina miligramu 35. Zikiingia zote mshipani kwa mtoto wa kilo 10, ni miligramu 3.5 kwa kila kilo: degedege, na mapigo ya moyo kuvurugika.

Kwa hiyo bandikeni ukutani: kichupa kinaweza kutoka nyumbani, cha kuyeyushia kinatoka kabatini kwetu. Ampuli ya mgonjwa haivunjwi, hata akinuna. Ya mshipa, gramu 1 kwa mililita 10 za maji ya sindano, isukumwe taratibu dakika 2 hadi 4. Dripu ya Ringer isiikaribie, ina kalsiamu, na ikikutana na seftriaksoni hufanya chembechembe. Ya nyama, mililita 3.5 za lidokeini yenu, na bomba liandikwe NYAMA kabla halijaondoka mezani.

Kichupa nacho kije na cheti cha dawa chenye jina la mgonjwa, kizibo kisichotobolewa, tarehe isiyopita. Namba ya toleo iingie kwenye rejesta. Kikikosa kimoja, hakichomwi. Insulini iliyowahi kuganda ikataeni, hata kama kwa macho iko sawa.

Na nesi akikataa kuchoma, mgonjwa akaja kufoka ofisini kwako, usimgeuke nesi mbele yake.