Maswali ya Wasomaji: Kikaushio Kilichogeuka Kiota cha Kuku

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zimetoka kandokando ya Ziwa Victoria, na zote zinahusu miradi ambayo vyuo huipeleka kwa wananchi kwa jina la teknolojia. Tumeanza na ile iliyotusumbua zaidi.

*Ndugu Mhariri, pokea salamu kutoka Igombe. Mimi ni mchakataji wa dagaa, mwaka wa 16 sasa. Mwaka juzi wanafunzi wa chuo kimoja walituletea kikaushio cha jua: sanduku la mbao lenye ukubwa wa kitanda cha nne kwa sita, nailoni juu, trei za wavu ndani, na feni ndogo inayozungushwa na sola. Siku ya kukabidhi walikuja viongozi, tukapigwa picha, tukapewa na fulana. Dagaa wa siku ile walitoka wasafi, hawana hata punje ya mchanga. Lakini mimi usiku wenye samaki nanunua ndoo 20, na lile sanduku halikumaliza hata ndoo moja kwa siku. Mwezi wa saba feni ikanyamaza, nailoni ikachanika, na namba ya simu tuliyoachiwa haipatikani. Sasa kuku wa jirani wanatagia humo. Je, kosa ni letu? Na wakija wengine na mradi, niwakatae? — Mama Mchakataji, Igombe*

Mama, kosa si lenu, na wala siamini kwamba wale vijana walikuwa na nia mbaya. Kilichokosekana ni hesabu ambayo ilipaswa kupigwa kabla ya ubao wa kwanza kukatwa, na kwa kuwa hakuna aliyekupigia, tuipige hapa.

Takribani robo tatu ya uzito wa dagaa mbichi ni maji. Tuchukulie kwamba ndoo yako ina kilo 15, kwa hiyo ndoo 20 ni kilo 300, na ili mzigo huo ukauke kiasi cha kuhifadhika, kilo 210 hivi za maji lazima ziondoke. Kugeuza kilo 1 ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati inayokaribia theluthi mbili za uniti moja ya umeme, uniti hizi hizi tunazonunua kwa LUKU. Mzigo wako wa usiku mmoja, basi, unadai uniti 140. Jua la huku kwetu, siku ikiwa nzuri, huleta uniti 5 hivi kwa kila mita ya mraba, lakini kikaushio cha kawaida hakiwezi kuzitumia zote, kwa sababu joto jingi huponyokea kwenye nailoni, kwenye mbao na kwenye hewa inayotoka. Kikifanikiwa kutumia sehemu moja ya tano, kimefanya kazi yake. Hiyo ni uniti 1 kwa kila mita. Kwa ndoo 20 ulihitaji kikaushio cha mita za mraba 140, nawe ukaletewa chenye mita 2 na kidogo, ambacho hata kingefanya kazi bila kasoro kingekausha kilo 5 kwa siku, yaani theluthi ya ndoo. Ulichokiona kwa macho yako ndicho hesabu inachokisema.

Utauliza mbona kichanja chako hukausha mzigo wote huo bila feni. Kichanja hakilitegemei jua peke yake. Wavu ulioinuliwa kutoka ardhini hupitisha upepo wa ziwa juu na chini ya dagaa, na upepo huo huubeba unyevu na kwenda nao bila malipo, huku nzi wakipata shida kutua na mchanga ukibaki chini unakostahili. Ndiyo maana, kama mradi ungeanza kwa kuwauliza ninyi, huenda ungeishia kwenye vichanja bora na turubai la kufunika mvua inapotishia. Hapa hapa mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki, mnajua kuliko mimi kwamba dagaa waliookotwa mchangani huishia kwenye chakula cha kuku, na bei yake ni ya chakula cha kuku. Faida kubwa ya kwanza, basi, ilikuwa kuwaondoa dagaa ardhini, jambo ambalo halihitaji sola.

Hata hivyo usilipasue sanduku kuwa kuni. Linaweza kukufaa kwa kazi nyingine iliyo ndogo kuliko ile uliyotwishwa. Hewa ya nyuzi 25 ikipashwa hadi nyuzi 45, uwezo wake wa kubeba unyevu huongezeka karibu mara 3, na hiyo ndiyo nguvu ya kikaushio wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ambapo upepo wenyewe huja umelowa. Waanike dagaa kichanjani mpaka wafikie nusu ya ukavu, kisha kiasi kile kizuri unachotaka kukifungasha kwenye pakiti kwa wateja wa mjini ndicho ukimalizie sandukuni. Feni iliyoungua usiibadilishe kwa feni nyingine. Mwambie fundi akutengenezee dohani la bati lililopakwa rangi nyeusi upande wa juu na aache matundu upande wa chini, kwa kuwa hewa ya moto hupanda yenyewe. Nailoni nayo usinunue ile ya kawaida ya kufunikia tofali, kwa sababu jua la ikweta huila upesi. Ulizia ya kitalu nyumba, iliyowekewa dawa ya kuhimili miale ya jua. Ni ghali zaidi, lakini hutainunua kila mwaka. Angalizo moja: joto likizidi sana mwanzoni, dagaa hukauka ngozi na kubaki na unyevu ndani, kisha huota ukungu gunia likiwa limeshafungwa. Acha matundu wazi saa za mwanzo.

Kuhusu mradi mwingine, usiwakatae. Wapokee, lakini kabla ya fulana waombe mchoro ubaki kwenu, muulize kila kipuri kinauzwa duka gani na kwa bei gani, kisha mwiteni fundi baiskeli au fundi redio wa hapo mwaloni akifungue chombo mbele yao na kukifunga tena. Akishindwa, warudi nacho. Mkubaliane pia, kupitia BMU, kikundi chenu cha kusimamia mwalo, kwamba hafla ya makabidhiano itafanyika baada ya chombo kupitia kiangazi kimoja na masika mamoja mikononi mwenu. Najua ratiba za vyuo haziruhusu hivyo kirahisi, maana mwanafunzi anahitimu kabla mvua hazijaisha, lakini hilo ni tatizo la ratiba ya chuo na lisibebwe na wachakataji.

*Mhariri, shikamoo. Nasoma mwaka wa mwisho hapa Mwanza na natakiwa kuwasilisha wazo la mradi. Nimefikiria programu ya simu itakayowapa wavuvi na akina mama bei za dagaa za kila siku. Msimamizi wangu anasema wazo si jipya, anataka kitu ambacho hakijawahi kufanywa. Nifanyeje? — Mwanafunzi, Nyegezi*

Marahaba, mwanangu. Wewe na msimamizi wako mnabishana kuhusu upya wa wazo, ilhali mimi naona swali lililotangulia halijaulizwa: je, hao watu hawazijui bei? Nenda mwaloni Kirumba saa 12 asubuhi, usimame pembeni bila karatasi, usikilize. Utasikia mchuuzi akimpigia dalali, anatajiwa bei, anakata simu, na mazungumzo yote hayajafika dakika moja. Programu yako itashindana na simu hiyo, tena wengi wa unaowalenga wanatumia kitochi, kwa hiyo hata ukiamua kuendelea, itabidi ijengwe kwa menyu za nyota na reli zisizohitaji intaneti.

Nenda mara mbili. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapowaka taa hazina nguvu ya kuwavuta, kwa hiyo mitumbwi mingi hupumzika. Mwalo wa kipindi cha giza na mwalo wa mbalamwezi ni kama miji miwili tofauti. Mwanafunzi aliyekwenda siku moja tu hurudi na tatizo la siku hiyo. Ukitulia utaona, kwa mfano, kwamba bei inatajwa kwa ndoo, na kwamba ndoo ya huyu imejazwa kwa kilemba na ya yule imekatwa usawa wa mdomo, wakati mwingine hata kitako chake kimebonyezwa ndani. Hapo pana mradi, na huenda ukahitaji mizani imara isiyoota kutu kwa maji kuliko unavyohitaji programu.

Msimamizi wako ana hoja, ila upya hautoki lazima kwenye kifaa. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha alipata mwaka 2015 tuzo ya ubunifu wa uhandisi kwa Afrika, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno za kisasa. Mchanga wa kuchujia ni wa tangu enzi. Kipya kilikuwa kuupanga mchujo kulingana na uchafu wa mahali husika, kama ile floridi inayoharibu meno ya watu wa kaskazini.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa mwanafunzi wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, Amos Winter, aliyekuja Tanzania mwaka 2005 kuchunguza viti vya magurudumu. Aliona kwamba kiti cha kawaida kinamchosha mtu kwenye barabara ya vumbi, na baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu haiingii ndani ya nyumba. Akabuni kiti kinachosukumwa kwa wenzo mbili: ukishika juu unapata nguvu ya kupanda mlima, ukishika chini unapata mwendo kwenye tambarare, na mnyororo na magia ni ya baiskeli, ili fundi wa kijijini asishindwe. Sasa sikiliza sehemu ambayo ripoti nyingi za miradi huiruka. Kiti cha kwanza kilipojaribiwa Afrika Mashariki, watumiaji walisema ni kizito, ni kipana, na ndani ya nyumba hakifai. Hakuandika kwamba watumiaji wanahitaji elimu zaidi. Alirudi akakichora upya. Msimamizi anayekataa uongeze sura ya kuonyesha jinsi jaribio la kwanza lilivyoshindwa, mwonyeshe historia hiyo, kwa adabu.

*Ndugu Mhariri, nafundisha sayansi sekondari Ukerewe. Hatuna maabara ya maana wala kompyuta. Je, miradi ya aina hii ni ya vyuo vikuu peke yake? — Mwalimu, Ukerewe*

Mwalimu, hapana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Aftim Acra na wenzake katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, Lebanon, walionyesha kwamba jua linaweza kuua bakteria waliomo kwenye maji yaliyotiwa kwenye chombo angavu. Vifaa vyake unavyo: chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, na paa la bati. Maji hukaa juani saa 6, na kukiwa na mawingu mengi huachwa siku 2 mfululizo. Mvua ikinyesha siku nzima, chemsheni.

Anza na somo la uangavu, maana maji ya ziwa yenye tope au mwani huzuia miale. Isimamishe chupa juu ya gazeti, uangalie kutoka mdomoni. Vichwa vya habari visiposomeka, maji yachujwe kwanza. Waeleze wanafunzi pia kwamba njia hii haiondoi kemikali, na kwamba haimkingi na kichocho mtoto anayeoga ziwani, kwa kuwa kichocho huingia kupitia ngozi.

Kisha waandae chupa tatu za maji ya chanzo kimoja: moja juani, moja kivulini, na moja iliyofungwa kwa kitambaa cheusi na kuwekwa juani pamoja na ya kwanza, ili waone kama kazi inafanywa na mwanga au na joto. Kupima matokeo kuna vichupa vyenye karatasi ya dawa ambavyo hugeuka vyeusi ndani ya siku 1 hadi 3 maji yakiwa na bakteria wa kinyesi. Kila kundi liandike saa, hali ya mawingu na chupa ilikolazwa, na liandike hivyo hata siku ambayo chupa ya juani nayo imegeuka nyeusi.