Dokta, nikikiona tu kile kiti natetemeka: maswali yenu ya meno mwezi huu

Meseji zenu nyingi zimeingia kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri, na sababu naijua, jino bovu likishakaribia mshipa wa fahamu ukilala tu damu inakuja kichwani linaanza kupiga kama ngoma. Poleni sana. Nimechukua tano ambazo naona zinawagusa wengi.

Shikamoo dokta. Mimi ni fundi alumini, miaka 34, niko Temeke. Gego la chini kulia limetoboka tangu mwaka juzi, sikuhizi natafuna upande mmoja tu. Sijakanyaga kwa daktari wa meno tangu darasa la tano, siku hiyo walinishika watu wawili jino likang'olewa na ganzi haijakolea, nililia mpaka sauti ikakata. Mwezi uliopita nikajikaza nikafika mpaka kwenye benchi, nikaitwa jina nikajifanya sio mimi, nikaondoka. Jamaa kazini wananicheka. Ila dokta jino lenyewe saivi limeacha kuuma, si naweza kuliacha tu?

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la mwisho mana ndo la haraka: usiliache. Jino likianza kutoboka halikuambii kitu, sehemu ya juu ile ngumu haina fahamu, likizama kidogo ndo unasikia ganzi ya maji ya baridi na peremende, likifika ndani kwenye kiini ndo zile kelele za usiku, halafu siku moja kimyaaa. Watu wanafurahi wanasema limepona lenyewe. Halijapona, kiini kimekufa, na wadudu sasa wanashuka kwenye mizizi taratibu kutengeneza jipu. Likirudi kuuma linakuja na uvimbe. Na siku ukiona uvimbe umeshuka chini ya taya, kumeza shida, mdomo haufunguki vizuri au pumzi inabana, hapo usisubiri asubuhi, nenda hospitali kubwa usiku huohuo, watu wanapoteza maisha kwa jino.

Sasa turudi kwenye woga wako. Mtoto wa darasa la tano kushikwa na watu wawili huku anasikia kila kitu, hilo lilikuwa kosa la wakubwa waliokuwa mle chumbani, sio udhaifu wako, na mwili wako umelikumbuka kwa miaka yote hii kwa sababu ndo kazi ya mwili. Hao jamaa zako nao wakikaa kwenye kiti nawaona wanavyoshika mikono ya kiti.

Nikueleze kwa nini ganzi yako haikukolea. Jino likiwa na usaha na nyama ya pembeni imevimba, sehemu ile inakuwa na tindikali nyingi, na dawa ya ganzi, mara nyingi ni lignokaini, ikiingia kwenye tindikali haipenyi vizuri kwenye mshipa. Kwa hiyo tunachomaga mbali kidogo na jino, kule nyuma mshipa wenyewe unapoingilia kwenye taya, tunasubiri, tunajaribu kwanza kwa kugusagusa, ikibidi tunaongeza, na uvimbe ukiwa mkubwa sana tunautoa usaha kwanza ndo tunapanga siku ya kung'oa. Daktari akiwa na haraka ndo yanatokea kama yale yako.

Utafanyaje sasa. Nenda siku ya kwanza usitibiwe. Nasema kweli, nenda ukamwambie tu daktari hivi ulivyoniandikia mimi, akuangalie, akupige picha ya jino, akwambie kama linazibika au ni la kung'oa, urudi nyumbani. Siku ya matibabu omba ya asubuhi, mana ukipewa saa tisa mchana utakuwa umeshalitibu kichwani mara hamsini, kunywa chai yako vizuri usiende na njaa (ni ganzi ya sindano tu hiyo, kufunga ni kwa wanaolazwa usingizi), nenda na mtu unayemwamini. Kubalianeni alama kabla hamjaanza, ukiinua mkono wa kushoto anasimama, na umjaribu kabisa, inua mkono mapema tu uone kama anasimama kweli. Asiposimama una haki ya kushuka kwenye kiti utafute daktari mwingine. Ukichomwa moyo unaweza kwenda mbio dakika chache, ni adrenalini inayochanganywa kwenye ganzi, inapita yenyewe, wengi hapo ndo wanadhani wanakufa wanazidi kuogopa. Na ganzi inazuia maumivu, haizuii kusikia unasukumwa wala mlio wa jino, huo utausikia, ukijua mapema hautakustua. Mdomo utabaki mzito masaa mawili matatu mpaka manne, usile mpaka urudi kawaida usije kujing'ata.

Kama ni la kung'oa, ng'ata pamba nusu saa bila kuitoatoa kuangalia, na masaa 24 usisukutue, usivute sigara, usinywe kwa mrija. Lile bonge la damu kwenye tundu ndo kidonda chenyewe kinavyopona, likitoka siku ya pili ya tatu unapata maumivu makali kuliko ya jino lenyewe. Kesho yake ndo uanze maji ya vuguvugu na chumvi. Niandikie ukishaenda, hata kama umeishia kwenye benchi tena niandikie.

Habari dokta, mi ni mwalimu mpya Dodoma nimeajiriwa mwaka huu, kadi ya bima ndo nimepata. Nina jino nimeambiwa ni la ruti kanali, alafu nataka kusafisha meno yawe meupe na kuvaa waya maana yamepandana. Dada angu yuko kampuni binafsi anasema bima yake ya meno iliisha mwezi wa tatu tu!! Inaishaje? Na yangu inakava vyote hivyo?

Hongera kwa ajira mwalimu. Yako ni NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ile iliyoanza 2001, asilimia 3 inakatwa kwenye mshahara na mwajiri anaweka 3 yake, unaingia wewe na mwenza na wategemezi wanne. Ya dada yako ni ya kampuni na hizo zinafanya kazi tofauti kabisa ndo mana mnachanganyana.

Bima za kampuni binafsi mara nyingi meno hayako ndani ya matibabu ya kawaida, ni fao la pembeni lenye limiti yake ya mwaka. Limiti ikiisha mwezi wa tatu basi mpaka mwaka wa bima uanze upya, na asipoitumia haihamii mwaka unaofuata. Nyingine zina kipindi cha kusubiri, umejiunga leo lakini meno mpaka ipite miezi kadhaa. Mwambie aombe karatasi ya mafao kutoka ofisi ya rasilimali watu aisome sehemu ya meno, vitu vya kutafuta ni limiti ya mwaka, vitu visivyolipwa, na vipi vinahitaji kibali kabla. Hicho kibali ndo kinawaumiza wengi, mtu ametibiwa kwanza kwa imani, bili ikaja ikakataliwa.

Kwako wewe, huduma za kinywa na meno zimo kwenye kitita cha NHIF, yaani orodha ya huduma inazolipia, ila kitita kilibadilishwa Machi 2024 kwa hiyo aliyokuhadithia mwalimu mwenzako aliyeziba jino 2019 yanaweza yasiwe hivyo leo. Kabla hujakaa kwenye kiti nenda dirisha la bima la hospitali hiyohiyo uliza: hii ruti kanali inalipwa hapa, kwa jino hili, na kofia ya juu, ile ya kulifunika jino baadaye, je? Uliza la kofia kwa kulitaja. Ruti kanali ni kutoa kiini kilichooza, kusafisha mifereji ya mizizi na kuijaza, inaweza kuchukua mara moja mpaka tatu kwenda na kurudi, lakini gego likishafanyiwa hivyo linabaki limechimbwa, ukilitafunia mifupa bila kofia linapasuka na kazi yote inapotea. Mara nyingi bima inalipa ya chini na kofia unaambiwa ulipie mwenyewe, na hapo ndo watu wanaishia njiani. Heri ujue bei yote mapema ujipange, kuliko kuanza halafu ukae na jino lililo nusu.

Kuhusu weupe, tofautisha. Kutoa ugaga, ule uchafu mgumu wa njano kwenye shingo za meno, ni matibabu, unaulinda ufizi, huo uliza kwenye kadi yako. Kung'arisha meno yawe meupe kama ya kwenye matangazo ni urembo, bima nyingi hazigusi. Waya vilevile nyingi zinaziweka kwenye urembo hata kama meno yamepandana kweli, na waya ni safari ya mwaka na nusu miwili, kwa hiyo hapo weka akiba. Anza na ruti kanali mwalimu, weupe utasubiri.

Na ndugu wakikuomba kadi wakang'olee jino kwa jina lako, kataa kwa upole. Ukiacha kwamba ni kosa, siku ukienda na gego lako litaonekana lilishang'olewa.

dada dokta, jino la juu karibu na chonge linauma ila mama amekataa lisingolewe anasema meno ya juu yameshikana na macho ntapofuka. nakunywa amoksilini na flajili nanunua duka la dawa linatulia linarudi. Bodaboda, Mbeya

Mshipa wa kuona unatoka nyuma ya jicho unaenda moja kwa moja kwenye ubongo, haupiti kwenye meno kabisa. Mishipa ya meno ni ya njia nyingine inayohudumia uso, na kwa kuwa tawi lake linapita chini ya jicho, jino la juu likioza unasikia mpaka jicho linavuta, ndo hapo wazee walipopata hiyo habari. Mama hajasema kwa ubaya, anakuhofia. Ila kinachoweza kulifikia jicho ni usaha wa jino ulioachwa ukapanda, sio kung'oa.

Hizo dawa ziache. Zinapunguza wadudu wa pembeni siku tatu nne, lakini ndani ya jino lililokufa damu haifiki na dawa haifiki, kwa hiyo chanzo kipo palepale na wewe unawafundisha wadudu kuizoea dawa, siku ukiihitaji kwa nimonia isifanye kazi. Mafuta ya karafuu kwenye pamba kidogo yanatuliza kweli, hata sisi dawa ya karafuu tunaitumia kwenye kuziba kwa muda, ila kidonge cha aspirini usikiweke kwenye fizi, kinaunguza. Nenda wiki hii kaka.

Mimba ya miezi mitano, fizi zinatoka damu kila nikipiga mswaki nimeamua kuacha kwanza mpaka nijifungue. Ni sawa? Tanga

Hapana mama, rudisha mswaki leo. Homoni za ujauzito zinafanya fizi zivimbe kwa ukoga kidogo tu, ukiacha kupiga mswaki ukoga unaongezeka na damu inazidi. Tumia mswaki laini, dawa yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala, ukimaliza tema tu usisukutue sana maji, ile floraidi iache ifanye kazi. Ukitapika sukutua maji kwanza, usipige mswaki papo hapo, subiri nusu saa mana tindikali ya tumbo imelainisha meno. Na huo mwezi wa tano ulionao ndo muda mzuri kabisa wa kutibiwa meno, ganzi haina shida kwa mtoto, mwambie tu daktari una mimba. Maumivu tumia parasetamo, usinunue diklofenaki wala tetrasaiklini dukani.

Dokta naomba jibu haraka. Mwanangu ana miezi saba, anaharisha na homa siku ya pili, bibi yake ameangalia mdomoni anasema ana meno ya nailoni, kesho anataka apelekwe kwa mzee wa kuyatoa. Mimi naogopa ila mume wangu yuko safarini na mama mkwe ndo mkubwa hapa.

Wewe nilikujibu usiku uleule, lakini nalirudia hapa kwa sababu najua hauko peke yako.

Usimpeleke. Nakusihi. Kile cheupe laini kilichovimba kwenye fizi ni chonge la utoto linalojitengeneza, bado halijakomaa ndo mana likitolewa linaonekana laini kama nailoni. Wanalichimba kwa spoku ya baiskeli au msumari, bila ganzi, chombo kimoja watoto wangapi. Nimewaona wakiletwa weupe damu imeisha, wengine pepopunda, na virusi vya ukimwi navyo vinapita njia hiyo. Wanaopona, wengine chonge la ukubwani linaota limeharibika au haliji kabisa.

Bibi kaona kweli kwamba watoto wa umri huu wanaharisha, hapo hajakosea. Miezi sita saba ndo mtoto anaanza kula na kutambaa, kila kitu anatia mdomoni, na kinga aliyopewa na mama tumboni inapungua. Kinachomuumiza ni kuhara kunakomaliza maji mwilini. Endelea kumnyonyesha, mpe ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, kila akiharisha, mpeleke kituo cha afya apimwe malaria na apewe zinki, miligramu 20 kwa siku kwa umri wake, siku 10 mpaka 14. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, hataki kunyonya au choo kina damu, ondoka saa hiyohiyo.

Mama mkwe usibishane naye mbele ya watu. Mwombe mwende naye kliniki, yeye ndo ambebe mjukuu, na nesi amwelezee yeye kwanza, amfunulie ule ufizi aone pale chonge lilipokaa. Akifika mwaka mmoja na miezi minne mitano hivi litaanza kutokeza, na kwa jinsi anavyomwangalia huyo mtoto mdomoni, bibi ndo atakuwa wa kwanza kuliona.